Mgonjwa wa Utumbo Asiachwe Gatini

Upasuaji wa tumbo katika Visiwa vyetu umepiga hatua ambayo wazee wetu hawakuiota. Mtu aliyejisokota utumbo, ambaye zamani aghalabu aliagwa na jamaa zake kabla chombo hakijatia nanga mjini, leo hupasuliwa akaishi. Mwenye homa ya matumbo iliyomtoboa utumbo hupasuliwa akaishi. Mtoto aliyezaliwa bila ya njia ya haja kubwa, jambo litokealo kwa mtoto mmoja hivi katika kila 5,000, naye huwekewa njia nyingine akakua. Hayo ni mafanikio, nasi hatuna sababu ya kuyadogosha. Tunachotaka kukizungumza leo ni yale yanayomfika mgonjwa huyo baada ya kutoka hospitalini na kupanda boti kurudi kwao.

Wengi wa wagonjwa tuliowataja hurudi nyumbani wakiwa na tundu tumboni ambalo kwalo choo hutoka na kuingia katika mfuko. Madaktari huliita stoma, neno la Kiyunani lenye maana ya mdomo, nasi tutaliita mdomo wa utumbo, kwa kuwa ndivyo lilivyo hasa: ncha ya utumbo iliyotolewa nje kupitia ukuta wa tumbo, ikakunjwa na kushonwa kwenye ngozi. Ukiwa ni utumbo mpana huitwa kolostomi, na choo chake huwa kizito kama cha kawaida au karibu yake. Ukiwa ni utumbo mwembamba huitwa ileostomi, na kitokacho ni majimaji, tena yenye ukali. Tofauti ya aina hizi mbili ni kubwa kuliko mgonjwa anavyodhani, na mara nyingi hakuna aliyemweleza ni ipi aliyonayo. Hapo ndipo taabu inapoanzia.

Jambo la kwanza ambalo mgonjwa na watu wa nyumbani kwake wanapaswa kulijua ni rangi. Mdomo wa utumbo ulio mzima ni mwekundu na umelowa, mfano wa ndani ya shavu la mtu. Hauna maumivu ukiguswa, kwa sababu utumbo hauna mishipa ya fahamu ya maumivu kama ya ngozi, na kwa sababu hiyo hiyo unaweza kujeruhiwa na ukingo wa mfuko pasipo mwenyewe kuhisi chochote. Ukipanguswa unaweza kutoa matone machache ya damu. Hilo si la kutisha. Lakini ukigeuka zambarau iliyokolea, kisha ukawa mweusi, basi damu haifiki tena, na nyama hiyo inakufa. Mara nyingi hali hii hujitokeza katika siku za mwanzo baada ya upasuaji, na ni wajibu wa wauguzi wa wodi kuutazama mdomo huo kila siku kupitia mfuko unaoonesha ndani, wala si kuufunika kwa bandeji nzito wakangojea siku ya kubadilisha. Kwa aliyekwisha rudi nyumbani, rangi nyeusi haina dawa ya nyumbani. Ni ya kwenda hospitali usiku huo huo. Ndivyo ilivyo pia kwa damu inayotoka ndani ya tundu lenyewe, au ile isiyokoma baada ya kukandamizwa kwa kitambaa kisafi muda wa dakika kumi.

Katika wiki za mwanzo huweza pia kutokea kwamba mshono kati ya utumbo na ngozi ukaachia, pakabaki mwanya pembeni, au mdomo ukazama ndani ya tumbo. Mwanya mdogo hujaa wenyewe ukitunzwa na muuguzi anayejua. Mdomo uliozama ni shida zaidi, kwa kuwa choo hakiangukii mfukoni tena, bali hupita chini ya gundi na kutambaa juu ya ngozi.

Na ngozi ndiyo inayoteseka kuliko kitu chochote. Majimaji ya utumbo mwembamba yamebeba vimeng'enyo ambavyo kazi yake ni kuyeyusha chakula, na vimeng'enyo hivyo havitambui tofauti kati ya nyama ya ng'ombe na ngozi ya binadamu. Saa chache tu zatosha ngozi kuwa nyekundu na kuanza kuchubuka. Siku mbili zatosha kuifanya kidonda kibichi. Ngozi ikichubuka gundi haishiki, gundi isiposhika majimaji huvuja, nayo yakivuja ngozi huzidi kuchubuka. Sababu kubwa ni jambo dogo mno: tundu la bamba la gundi limekatwa pana kupita kiasi. Linatakiwa lizidi mdomo wa utumbo kwa milimita mbili au tatu tu. Zaidi ya hayo, mdomo huo huwa umevimba baada ya upasuaji, kisha hupungua kwa muda wa wiki sita hadi nane, hivyo kipimo cha siku ya kutoka hospitalini hakifai mwezi wa pili. Lazima upimwe upya. Ngozi ioshwe kwa maji matupu, ikaushwe vizuri kabisa, na isipakwe mafuta ya nazi wala mafuta mengine yoyote, kwani juu ya mafuta gundi haikai. Na katika joto letu hili la Februari na Machi, jasho chini ya bamba huzaa ukungu wa ngozi: wekundu unaowasha, wenye vipele vidogo vidogo vilivyotawanyika pembezoni. Dawa yake ipo, na iwe ya unga, isiwe ya mafuta.

Yote hayo tumeyasema kana kwamba kila mgonjwa anao mfuko. Ukweli ni kwamba wengi hawana. Mfuko uliotengenezwa rasmi ukiisha, nao huisha upesi, mgonjwa hufunga kitambaa cha khanga kikuukuu, au nepi ya mtoto, au alikuwa akijifunga mfuko wa rambo kwa kamba kiunoni. Mifuko ya rambo nayo imepigwa marufuku, Visiwani kwanza na Bara tarehe 1 Juni, 2019. Marufuku hiyo ilikuwa ya haki, na wala haikugusa vifaa vya tiba. Lakini ni nani aliyekumbuka kumpelekea mwenye mdomo wa utumbo kilicho bora zaidi badala ya kile alichonyang'anywa?

Tuje kwenye hatari inayoua kimya kimya, ambayo ni ya maji. Utumbo mpana kazi yake kubwa ni kufyonza maji na chumvi. Mwenye ileostomi ameondolewa kazi hiyo, hivyo kila siku hupoteza maji na chumvi kwa njia ya mfuko. Mwili ukishazoea, kitokacho huwa baina ya nusu lita na lita moja kwa siku. Kikizidi lita moja na nusu, mgonjwa yumo hatarini, hata kama bado anatembea na kuzungumza na watu barazani. Dalili ni kiu isiyokatika, mdomo mkavu, mkojo haba wenye rangi iliyokolea, kizunguzungu anaposimama, na misuli ya miguu kukaza. Akiachwa hivyo, figo huharibika.

Hapa ndipo desturi zetu njema zinapoweza kumdhuru. Tuchukulie mfano wa mvuvi wa Kojani aliyerudi kwao wiki ya tatu baada ya upasuaji. Mfuko unajaa kila mara na kiu imemshika. Mkewe, kwa mapenzi, humpa maji mengi, chai ya sukari tele, na madafu mawili asubuhi na mawili jioni. Mfuko unazidi kujaa. Si kosa la mke huyo. Ni mambo ya mwili ambayo hakuna aliyemfundisha. Maji matupu yanapoingia kwa wingi katika utumbo mwembamba huvuta chumvi kutoka kwenye damu na kuteremka nayo mpaka mfukoni. Sukari nyingi kupita kiasi nayo huvuta maji vivyo hivyo. Dafu lina potasi nyingi, lakini sodiamu, ambayo ndiyo chumvi anayoipoteza, ni kidogo. Kinachofaa ni mchanganyiko wa chumvi na sukari kwa vipimo, kwa sababu ukuta wa utumbo huvipokea viwili hivyo pamoja, na maji hufuata. Pakiti za ORS, zile zile anazopewa mtoto mwenye kuharisha, zimetengenezwa kwa kanuni hiyo; katika zile za mchanganyiko uliopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 lita moja ya maji ina gramu 2.6 za chumvi na gramu 13.5 za glukosi. Zichanganywe kwa kipimo cha maji kilichoandikwa juu ya pakiti, na zinywewe kidogo kidogo mchana kutwa. Ambaye mfuko wake unatoa kwa wingi sana, daktari anaweza kumwandikia mchanganyiko wenye chumvi zaidi pamoja na dawa ya kupunguza mwendo wa utumbo, lakini hayo si ya mtu kujiamulia. Na mvuvi wetu huyu ahesabu: apime kwa kikombe kile anachokimwaga kutoka mfukoni kwa siku moja. Hesabu hiyo moja itamfaa daktari kuliko maelezo ya saa nzima.

Kinyume cha hayo ni mfuko kutojaa kabisa. Mwenye ileostomi akipitisha saa sita hakutoka kitu, ilhali tumbo linamsokota na kichefuchefu kimemshika, utumbo huenda umeziba. Wakati mwingine kilichoziba ni chakula chenye nyuzi: mahindi ya kuchoma, machicha ya nazi, embe lenye nyuzi, miwa, karanga na korosho zisizotafunwa. Hatusemi vyakula hivi viharamishwe. Vingine ni starehe ya watu wetu. Vicheleweshwe wiki sita za mwanzo hivi, kisha vianzwe kimoja kimoja, kwa kutafuna sana. Lakini mtu asithubutu kunywa haluli ili afungue kilichoziba. Haluli kwa mwenye ileostomi ni sumu, kwa maana ya kwamba humkausha maji katika muda mfupi. Akitapika, asipewe kitu kwa mdomo, apelekwe hospitali.

Yapo na yale yanayochukua miezi au miaka. Mdomo huweza kujibana ukawa mwembamba, choo kikatoka kama uzi na kwa maumivu. Pembeni mwake huweza kutokea uvimbe wa ngiri, ambao katika miaka inayofuata ni jambo la kawaida mno, hasa kwa mwenye kolostomi. Ngiri nyingi huachwa zikavumiliwa kwa mkanda wa kitambaa kipana, ila ikiwa ngumu na kuuma ghafla ni hatari. Hapo tuwaseme wakulima wa mwani, wanaobeba magunia yaliyolowa kutoka pwani maji yakipwa, na wachumaji wa karafuu, na wavuta nyavu: miezi mitatu ya mwanzo wasinyanyue mizigo mizito, na jamaa zao wasiwaone wavivu. Utumbo wenyewe nao huweza kutokeza nje zaidi na kuning'inia, jambo litokealo mara nyingi kwa watoto, nalo huwatia wazazi hofu kubwa. Ukiwa bado mwekundu, mgonjwa alale chali, utumbo ufunikwe kitambaa kisafi chenye maji, aende hospitali bila ya kukimbizwa. Wauguzi wazoefu hunyunyizia juu yake sukari ya kawaida, ile ya dukani, wakaiacha kwa muda. Sukari huvuta maji ya uvimbe, na utumbo ukanywea kiasi cha kurudishwa ndani taratibu. Wengi hawaamini mpaka waone. Ukiwa umegeuka rangi, hapana sukari tena, ni upasuaji.

Sasa tunawageukia viongozi wetu wa afya, maana mgonjwa ameambiwa ya kwake.

Sehemu kubwa ya matatizo tuliyoyataja huamuliwa kabla ya kisu kugusa ngozi. Mahali pa kutoa utumbo panatakiwa pachaguliwe na kutiwa alama mgonjwa akiwa amekaa, amesimama na ameinama, mbali na mikunjo ya tumbo, mbali na kovu na mbali na kitovu, tena mahali ambapo mwenyewe anapaona kwa macho yake. Vitabu vya Ulaya husema pawe mbali na mstari wa mkanda wa suruali. Kwetu sisi muuguzi aulize mtu anafunga wapi kikoi chake au khanga yake. Anayeinama kwenye rukuu na sijida mara nyingi kwa siku naye apimwe akiwa katika hali hiyo. Kazi hii haihitaji mtambo. Inahitaji kalamu isiyofutika na dakika chache. Katika upasuaji wa dharura usiku wa manane tunaelewa kwamba haiwezekani kila mara, ila si kila upasuaji ni wa dharura.

La pili ni muuguzi. Katika nchi nyingine utunzaji wa mdomo wa utumbo ni fani kamili ya uuguzi. Chimbuko lake ni Marekani, ambako daktari Rupert Turnbull wa Cleveland alimchukua Norma Gill, ambaye alikuwa mgonjwa wake mwenye ileostomi, akamfanya mwalimu wa wagonjwa wengine, na mwaka 1961 wakaanzisha mafunzo rasmi. Tunalipenda jambo hilo kwa kuwa linatuonesha kwamba hazina ya kwanza ya ujuzi ni mgonjwa mwenyewe. Hata mfuko wenye gundi ulitoka katika fikra ya muuguzi wa Denmark, Elise Sørensen, mwaka 1954, alipomwona dada yake aliyepasuliwa akiogopa kutoka nje. Visiwa vyetu vilihesabiwa kuwa na watu 1,889,773 katika sensa ya 2022. Kwa idadi hiyo si jambo kubwa kuomba muuguzi mmoja aliyefundishwa kazi hii Unguja na mmoja Pemba, wenye simu inayopokewa na wenye siku yao ya kliniki inayojulikana. Madaktari wa Kichina kutoka Jiangsu, ambao wamekuwa wakija Zanzibar tangu 1964, hupasua kwa ustadi, kisha muda wao ukiisha hurejea kwao. Muuguzi wetu ndiye anayebaki na mgonjwa.

La tatu ni karatasi. Kila anayetoka hospitalini na mdomo wa utumbo apewe kadi ya Kiswahili yenye kueleza ni utumbo upi uliotolewa, kwa sababu gani, ni wa muda au wa maisha, na siku ya kurudi. Tunasisitiza siku ya kurudi. Nyingi ya kolostomi zinazofanywa kwa utumbo uliojisokota au kwa ajali zimekusudiwa kufungwa baada ya miezi mitatu hivi, mgonjwa akipata nguvu. Lakini nauli ikikosekana, au akija akaambiwa chumba cha upasuaji kimejaa aje mwezi ujao, na mwezi ujao tena vivyo hivyo, miezi mitatu hugeuka miaka mitatu. Tunawajua watu wa namna hiyo. Wameacha kazi, wengine wameachwa na wake zao au waume zao, kwa jambo ambalo daktari aliyelifanya alilikusudia liwe la muda. Mtu huyu astahili kupangiwa tarehe siku ile ile anayotolewa wodini, na jina lake lifuatwe na kituo cha afya cha shehia yake kama linavyofuatwa jina la mtoto asiyekamilisha chanjo.

Kuna na suala la ibada, ambalo wagonjwa huliuliza kwa sauti ya chini. Wako walioacha msikiti kwa kudhani kwamba choo kisichozuilika kimewatoa katika tohara moja kwa moja. Wanavyuoni wetu wameeleza tangu zamani hukumu za mwenye udhuru wa kudumu, kama vile mtu asiyeweza kuzuia mkojo, anayetia udhu kwa kila sala ya faradhi baada ya wakati kuingia. Ingefaa sana Ofisi ya Mufti iyaeleze hayo redioni na misikitini kwa kumtaja waziwazi mwenye mdomo wa utumbo, pamoja na hukumu ya saumu yake. Kwani mwenye ileostomi anayefunga Ramadhani pasipo ushauri wa daktari anajitia katika ule ukavu wa maji tuliousema, na huenda hajui kwamba ana ruhusa.

La mwisho ni mifuko, na hapa tunazungumza hesabu. Mfuko wa kufunguliwa chini hubadilishwa kila baada ya siku mbili au tatu. Kwa mwaka mzima mtu mmoja huhitaji mifuko baina ya 120 na 180. Hicho ni kiasi cha kuhesabika. Hospitali zinazopasua zinayo madaftari ya upasuaji, na kutoka madaftari hayo Wizara inaweza kujua ni watu wangapi waliotolewa na mdomo wa utumbo mwaka uliopita, Unguja na Pemba, wangapi wamekwisha fungwa, na wangapi bado. Tunawaomba Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi waiulize Wizara idadi hiyo wakati wa kujadili bajeti yake. Waulize vilevile ni mifuko mingapi iliyoagizwa na Bohari Kuu ya Dawa, mingapi iliyofika Pemba, na kama Mfuko wa Huduma za Afya ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2023 unailipia kwa ukamilifu. Jibu likija, gazeti hili litalichapisha lote.